Alichoniuliza Mama Kumud

Mimi ni dereva wa Noah ya kukodi. Kijiwe changu kiko Ilomba, Mbeya, na kwa miaka kumi na sita nimebeba watu wa kila namna: maharusi, wagonjwa, wanakwaya, hata mbuzi wa mahari waliofungwa miguu. Nilikuwa najiona nimeshaona yote. Nilikuwa sijambeba Mama Kumud.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa saba. Kartik alinipigia simu. Huyu Kartik ni mtoto wa marehemu mzee Umakant, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini Mbeya, ambalo mafundi cherehani wote walikuwa wateja wake.

"Mzee Gwakisa, tunahama," akaniambia. "Tunahamia Iringa kwa dada yangu Foram. Mizigo inatangulia kesho na Fuso. Nataka gari la kumpeleka mama taratibu, alale njiani. Unaweza kutoa siti za katikati?"

Nikamwambia siti zitatoka na godoro litaingia.

Siku ya safari nilifika kwao saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Mama Kumud alikuwa sebuleni kwenye kiti pekee kilichobaki, nyumba nzima imebaki kuta. Alipata kiharusi mwezi wa pili. Upande wote wa kulia ulikufa na maneno yakakatika. Payal, mke wa Kartik, alinieleza tukiwa tunatandika godoro.

"Mwezi wa tano huu hajasema kitu," alisema. "Kigujarati hakuna, Kiswahili hakuna. Anaelewa, ukimwambia kitu anatikisa kichwa. Lakini mdomoni haitoki. Daktari alisema tusitegemee sana."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amevalishwa sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, bangili za kioo mikononi, na nukta nyekundu kwenye paji la uso. Nikajiuliza moyoni, maana nilikuwa nasikia kwamba mjane wa Kihindi havai hivyo. Nikasema labda siku hizi wameacha. Si kazi ya dereva kuuliza. Tukambeba, Kartik mabegani na mimi miguuni, tukamlaza, na Payal akakaa pembeni yake na chupa ya chai na mkoba wa chapati. Kartik akakaa mbele na mimi.

Tulipita Uyole, tukashuka mteremko wa Inyala nyuma ya malori ya mafuta, gia ya pili, hakuna kuyapita. Kartik alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mara mbili nilimsikia akivuta pumzi kubwa. Nikafikiri ni uchungu wa kuuacha mji aliozaliwa.

Tulipoukaribia mji wa Chimala simu yangu ikaita. Alikuwa dada yangu wa Kyimo, kule Rungwe. Huwa naweka sauti ya juu ili mikono ibaki kwenye usukani. Tukaongea Kinyakyusa kama kawaida yetu, habari za shamba, habari za shangazi anayeumwa mgongo. Dakika tatu hivi. Nikakata.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Ugonile?"

Hiyo ni salamu yetu, kama kusema umeamkaje. Nilidhani simu haijakata. Nikaiangalia, kioo cheusi. Sauti ikarudia, nzito kidogo, kama ya mtu anayesogeza jiwe kwa ulimi.

"Ugonile?"

Payal alipiga kelele. Kifuniko cha chupa chenye chai kikamtoka mkononi na chai ikamwagika kwenye godoro. Mimi nikaangalia kioo cha kati, nikakutana na macho ya Mama Kumud. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani ameongea?" Kartik aliuliza.

"Mama yako," nikasema.

"Amesema nini? Hiyo lugha gani?"

Nikamjibu mama kwanza, maana salamu ya mkubwa haiachwi hewani. "Ndaga, juba. Mugonile." Yaani asante, mama, na wewe umeamkaje. Kisha nikamwambia Kartik, "Amenisalimia. Kwa Kinyakyusa."

"Mama hajui Kinyakyusa."

"Bosi, mimi nimezaliwa nacho. Ni Kinyakyusa."

Nikasogeza gari pembeni, karibu na wanawake wanaouza mchele kwenye ndoo. Kartik alikuwa amegeuka, magoti juu ya siti kama mtoto, anamtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Na yule mama akaanza kuongea. Alianza polepole, neno moja, halafu matatu, halafu yakawa yanakuja yenyewe. Kilikuwa Kinyakyusa ambacho sijakisikia tangu bibi zangu wazikwe. Maneno mengine nilikuwa nimeyasahau, nikayakumbuka kutoka mdomoni mwa mwanamke wa Kihindi.

Aliniambia alizaliwa Tukuyu, baba yake alikuwa na duka pale. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alilelewa na mwanamke aitwaye Anyosisye. Alibebwa mgongoni kwake, alilala kwake, na alipofika umri wa kuongea aliongea lugha ya Anyosisye kabla ya lugha nyingine yoyote. Alipofikisha miaka saba wakahamia Mbeya. Wakamkataza, wakamwambia msichana wa Kigujarati aongee Kigujarati. Akaiacha. Zaidi ya miaka sitini hajaitamka.

Nilikuwa namtafsiria Kartik kipande kwa kipande. Alikuwa analia na kucheka, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu.

"Muulize anasikia maumivu wapi," akasema. "Muulize kama anapenda ule uji. Muulize... muulize chochote!"

Nikauliza. Goti la kulia linauma wakati wa asubuhi. Uji haupendi hata kidogo, ni mwezi wa nne sasa anaumeza kwa adabu. Payal akajifunika uso na mtandio, mabega yanatikisika.

Tukaondoka Chimala gari zima likiwa na furaha. Nilikuwa naendesha huku nasema moyoni, nikirudi nyumbani mke wangu hataniamini. Ndipo Mama Kumud akaniuliza lile swali.

Alisema hivi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mwanangu, hiyo nyumba aliyoipata mume wangu huko Iringa, ina ngazi? Nilitaka kumwambia asichukue ya ngazi. Mimi sitaweza kupanda."

Gari liliyumba. Lori lililokuwa linakuja mbele lilinipigia honi ndefu. Nikalirudisha kwenye njia yangu.

Mzee Umakant alikufa mwezi wa tatu. Mbeya nzima ilijua. Alianguka asubuhi akifungua mlango wa duka lake, funguo bado mkononi. Mimi mwenyewe siku ya mazishi niliegesha gari, nikavua kofia, nikasimama mpaka msafara ulipopita kwenda kumchoma kwa desturi yao. Maduka yalifungwa. Wabeba mizigo wa sokoni waliacha mikokoteni yao wakamfuata kwa miguu.

"Anasema nini?" Kartik akauliza, bado anatabasamu.

"Anauliza habari za barabara," nikasema.

Mama akanisubiri. Kisha akaongeza, "Au hukubahatika kumwona? Umakant. Mfupi, ana miwani. Alitangulia huko nikiwa hospitali."

"Nitakujibu, juba," nikamwambia. "Ngoja kwanza nipite mzani."

Baada ya mizani ya Igawa niliegesha mahali penye mti mmoja na vumbi jingi. Nikamwita Kartik ashuke, tukaenda nyuma ya gari, mbali na madirisha.

"Bosi," nikasema, "mama yako anamuulizia mzee. Anauliza kama nyumba aliyoipata ina ngazi."

Yale machozi ya furaha hayakuwa yamekauka usoni kwake. Rangi yake ilibadilika nikiiona. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe, suruali yake nyeupe na yote.

"Hajui," akasema.

"Hajui nini?"

"Hajui kama baba amekufa."

Niliegemea mlango wa nyuma wa gari. Akanieleza akiwa ameinamisha kichwa. Baba yake alikufa mama akiwa amelazwa, wiki ya tatu ya kiharusi. Daktari akasema mshtuko mwingine utamwondoa. Basi wakamwambia baba amekwenda Iringa kutafuta nyumba. Wakapanga kumwambia ukweli akirudi nyumbani. Akarudi, wakasema apate nguvu kwanza. Akapata nguvu kidogo, wakaogopa kuzipoteza. Halafu Kartik peke yake akashindwa duka, dada yake akawaita Iringa kweli, na uongo ukawa safari.

"Ndiyo maana alitaka ile sari," Kartik akasema. "Tulimwonyesha sari nne. Akaigusa ile ya kijani. Baba aliipenda."

"Na mkifika leo? Akifungua mlango?"

"Sijui. Kila siku nilisema kesho." Akaniinulia macho. "Mwambie wewe, mzee Gwakisa. Nakuomba. Wewe anakuelewa."

Nilitaka kukasirika, lakini nilimwonea huruma. Mtu wa miaka arobaini na ushee amekaa kwenye changarawe ananiomba nitoe habari ya kifo cha baba yake kwa niaba yake. Nikamwambia, "Kartik, msikilize mzee mwenzako. Kigujarati anakielewa. Taarifa ya kifo cha baba utaitoa wewe, kwa lugha ya nyumbani kwenu. Mimi nitakaa pale pale. Maana atataka kuuliza, na maswali yake yanapita kwangu. Huu ni mwezi wa tano ana maswali, hana pa kuyapitishia."

Mabasi mawili yalipita yakatumwagia vumbi. Kisha akasema, "Si hapa. Mahali penye chumba."

Kutoka Igawa mpaka Makambako niliendesha bila kusimama. Mama Kumud aliniuliza mara moja tu, "Umepita mzani?" Nikasema nimepita. Hakuuliza tena. Nilipomwangalia kwenye kioo, alikuwa amekazia macho kisogo cha mwanawe.

Makambako kulikuwa na upepo ule wa baridi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Tukaingia kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, nikazima injini na kufungua mlango wa pembeni. Kartik alipiga magoti chini, kifua chake kikiwa usawa wa godoro, akaushika mkono wa mama yake, ule ulio hai. Akasema kwa Kigujarati. Sikuelewa hata neno, ila jina la baba yake. Hakuongea sana. Sentensi nne au tano.

Mama Kumud hakulia. Hakupiga kelele. Alimtazama Kartik, akamtazama Payal, kisha akageuza uso kwangu, taratibu sana, kama mlango mzito unaofunguka.

"Ni kweli?" akaniuliza kwa Kinyakyusa.

"Ni kweli, juba."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni wa saba."

"Ndiyo."

Alifumba macho. Payal alikuwa anamshika mapigo ya mkono, maana daktari alisema mshtuko utamuua. Sote tulikuwa tunamtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Akafumbua macho, akaanza kuuliza. Alianguka wapi? Nani alimwinua? Asubuhi ile alikuwa amekula? Nani aliuwasha moto? Kila swali nililipeleka kwa Kartik, na kila jibu nililirudisha. Alikunywa chai, mama, akala na biskuti mbili. Fundi Saulo wa pale barazani ndiye aliyemwinua. Mimi mwanao ndiye niliyewasha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikuwa kama mtu anayevusha moto kwa viganja.

Mwishoni akasema neno moja. "Amisi."

"Anataka maji," nikasema. Kartik akaruka, akaleta chupa, akaifungua na kumwekea mdomoni. Mama akaisukuma. Maji yakamwagika. "Amisi," akasema tena, kwa ukali.

Payal ndiye aliyeelewa. Alijipiga paji la uso. "Siyo ya kunywa," akasema. "Kwetu ukisikia msiba unaoga. Hajaoga. Miezi yote hii hajaoga maji ya msiba wa mume wake!"

Tukachukua chumba. Mhudumu wa pale, mama mmoja wa Kibena, aliona nyuso zetu akachemsha maji bila kutuuliza chochote, akamsaidia Payal. Mimi na Kartik tulibaki nje, yeye amesimama ameegemea ukuta, mimi nimekaa kwenye kreti la soda. Tulisikia maji yakimwagwa kopo kwa kopo. Halafu tukasikia kioo kikivunjika. Kartik alitaka kukimbilia ndani. Nikamshika. Zilikuwa bangili.

Walipomtoa nje, wamembeba kwenye kiti cha plastiki, alikuwa na gauni la Payal la pamba lisilo na rangi, nywele zimelowa, paji la uso tupu. Alikuwa amezeeka miaka kumi kati ya mlango na mlango. Akamwita Kartik kwa kidole. Kartik akainama mbele yake, ameunganisha viganja, nadhani alitegemea baraka.

Alimpiga kofi. Kwa mkono wa kushoto, na nguvu zote alizobakiza. Sauti yake ilifika mpaka jikoni, mhudumu akachungulia.

Mama Kumud alikuwa anahema. Akanitazama, akasema, "Mwambie."

Nikasikiliza, na nilipomaliza kusikiliza nilitamani nisingekuwa Mnyakyusa siku ile. Lakini nilimwambia. "Anasema: kila jioni nilikuwa namwombea baba yako afya njema huko Iringa. Miezi yote. Mmenifanya nimwombee marehemu asipatwe na mafua."

Kartik aliangusha kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa sauti ambayo mtu mzima huwa anaificha. Ule mkono uliompiga ulikaa hewani kidogo. Kisha ukamshukia kwenye nywele, ukabaki hapo.

Tulipoondoka Makambako jua lilikuwa limeanza kuinama. Niliuliza kama turudi Mbeya au twende. Mama akasema twende, Mbeya kumebaki kuta tu. Na tulipoingia kwenye misitu ya misonobari ya Mafinga akaniuliza, "Wewe ulikuwepo siku ile?"

Nikamwambia nilisimama barabarani. Akataka nimwambie yote. Nikamwambia maduka yaliyofungwa, la nani na la nani. Nikamwambia wabeba mizigo walivyoacha mikokoteni. Nikamwambia mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika. Mengine sikuwa nayakumbuka vizuri, nikasema sikumbuki, maana siku ile sikutaka kuongeza uongo hata wa kumfariji. Alisikiliza mpaka Ifunda, machozi yakimtiririka upande mmoja, ule ulio hai.

Ipogolo tulifika saa kumi na moja na nusu. Tukapandisha mlima kuingia mjini Iringa, nikaongozwa na Kartik mpaka kwenye nyumba ya ghorofa moja. Sote tulikuwa tumechoka kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kumpigia Foram simu kwamba mama ameshajua.

Foram alitoka mbio, amevaa vizuri, maua mkononi. Alifungua mlango wa gari kabla hata sijavuta breki ya mkono.

"Mama! Karibu Iringa!" akasema kwa Kiswahili, kwa furaha ile ya kujilazimisha. "Baba amekusubiri weee, amechoka, ametoka kidogo kwenda Dodoma kufuata mzigo. Anarudi wiki ijayo!"

Payal alitoa sauti kama aliyechomwa sindano. Kartik alinyoosha mkono kumzuia dada yake, lakini maneno yalikuwa yameshatoka yote, yako pale katikati yetu.

Mama Kumud alimtazama binti yake. Akatazama yale maua. Kisha, bila hasira safari hii, akaniambia sentensi moja, akaninyooshea kidevu nipeleke.

Nilivua kofia. "Dada," nikasema, "mama anasema nikuambie baba yako amekufa."

Foram alinitazama mimi, dereva asiyemjua. Alimtazama mama yake aliyekuwa haongei. Maua yakamwanguka moja moja, kama kila kidole kilisahau kwa wakati wake. Akaingia ndani ya gari, kwenye godoro lililolowa chai, akamkumbatia. Kilio chao kiliwatoa majirani nje. Msiba ule ambao Iringa ilikatazwa kuulilia ukaanza jioni ile, mwezi wa nne baada ya marehemu kuondoka.

Nililala Ipogolo. Asubuhi nilipopita kuaga, Payal alikuwa ananisubiri na daftari. Tukakaa barazani saa nzima, mimi natamka, yeye anaandika kwa herufi za kwao: maji, njaa, goti, choo, nimechoka, niache. Kartik alikaa pembeni anasikiliza. Mwishoni akaniuliza kwa Kinyakyusa mtu anaombaje msamaha, neno gani. Nikamwambia. Akalirudia mara nyingi, analikosea, ananiuliza tena, kisha akanyanyuka akaingia ndani. Sikumfuata.

Tangu siku hiyo Payal hunipigia kila Jumamosi mchana, na kumwekea mama simu sikioni. Mwezi wa kumi na moja alinipigia siku ya Jumanne, nikajua kuna jambo, nikaegesha gari. Alikuwa anacheka na kulia. Walikuwa wanakula chakula cha mchana, akasema, na mama akasukuma sahani akasema "chumvi" kwa Kigujarati, na wote wakaacha kula.

Sasa hivi ana maneno ya Kigujarati kama thelathini. Lakini Jumamosi bado ni yangu. Habari za mume wake haniulizi tena. Ananiuliza kama Tukuyu mvua imenyesha, na nikichanganya Kiswahili katikati ananikatisha, ananiambia nianze sentensi upya, vizuri, kama nilivyofundishwa na mama yangu.